Mkaa, ndala au kikaragosi? Kuchagua sanaa ya kumfundishia mtoto habari za wanyama wanaotoweka

Mpe mtoto wa Unguja karatasi, umwambie achore mnyama aliye hatarini kutoweka. Wengi watachora simba, na ukimtazama vizuri simba huyo utamtambua: ni yule wa noti ya shilingi elfu mbili. Faru atakuwa wa noti ya elfu tano, na tembo wa elfu kumi. Kima punju, ambaye asili yake ni kisiwa hiki tu duniani kote, hatokei kwenye karatasi. Mtoto anaweza kuwa amezaliwa Pete au Kitogani, amewasikia kima wakiruka juu ya bati la nyumba yao, na bado achore simba ambaye hajamwona.

Nimekuwa mlezi wa klabu ya mazingira ya skuli kwa miaka kadhaa, na swali ninaloulizwa zaidi na walimu wenzangu, na siku hizi na wazazi pia, ni moja: tuwafanyishe sanaa gani? Wengine wana kipindi kimoja tu kwa wiki. Wengine wana watoto sabini darasani na makasi matatu. Kwa hiyo nimeamua kuziweka pamoja njia nne ninazozijua kwa mikono yangu: kuchora kwa kutazama, mchoro wa ukutani, kuunda vitu kwa udongo na taka, na vikaragosi pamoja na maigizo. Sizipimi kwa uzuri wa kazi inayotoka. Nauliza mtoto anaondoka na nini kichwani ambacho njia nyingine isingempa.

Kuchora kwa kutazama

Nasema kwa kutazama kwa sababu kuchora kwa kunakili ni jambo jingine kabisa. Mtoto anayenakili picha ya simu anajifunza kunakili. Mtoto aliyekaa chini ya mti akamtazama mnyama kwa dakika ishirini anajifunza mnyama.

Chukua mkono wa kima punju. Kila mtoto humchorea vidole vitano, maana ndivyo mkono ulivyo. Mwambie asubiri mpaka kima ashike tawi, kisha ahesabu. Atahesabu vinne. Mbega wote, na kima punju ni wa ukoo huo, hawana dole gumba la maana. Limebaki kijinundu tu. Mtoto akishaligundua hilo mwenyewe, hakuna haja ya kumsomea ukurasa mzima juu ya maisha ya mitini. Atauliza kwa nini hana gumba, naye atajibiwa na kima anayepita juu, ameupachika mkono kwenye tawi kama kulabu.

Tena kuna jambo la mkaa, ambalo mimi nalipenda kupita yote. Kima punju wanaoishi kando ya mashamba hula majani ya miembe na mikungu, na majani hayo yana kemikali zinazosumbua tumbo. Basi kima hula mkaa. Huokota vipande kwenye matanuri ya zamani au penye miti iliyoungua, wakatafuna, na mkaa ukazinyonya zile sumu. Kwa hiyo mimi huwapa watoto mkaa wa jikoni wachoree. Wanachora mnyama kwa chakula chake. Mtoto wa darasa la tatu aliwahi kuniuliza kama na yeye aonje, nikamkataza, lakini nilijua kwamba habari hiyo ataifikisha nyumbani jioni ileile.

Gharama yake ni ndogo kuliko njia zote: mkaa, karatasi za kawaida, ubao wa kuegemezea. Kinachotakiwa kwa wingi ni muda na watu wazima. Ukiwapeleka watoto arobaini peke yako kwenye msitu wa hifadhi wa Jozani, wanakoishi kima punju, hutafundisha. Utakuwa unahesabu vichwa tu. Watoto kumi na tano kwa mtu mzima mmoja ndiyo idadi ninayoiweza, na waongozaji wa hifadhi wana masharti yao ya umbali ambayo lazima yafuatwe. Kwa skuli za kaskazini, bwawa la kasa la Mnarani, Nungwi, linafaa sana, maana kasa huogelea polepole na mtoto hupata nafasi ya kuhesabu magamba ya mgongoni.

Umri? Kuanzia miaka sita hivi. Kwa wadogo wa umri huo nashikilia jambo moja kwa nguvu: wachore mnyama aliye hai, anayekula, anayenyonyesha. Wasichore mizoga, pembe zilizokatwa wala damu. David Sobel, mwalimu wa Kimarekani, amekuwa akishauri tangu miaka ya 1990 kwamba watoto wasibebeshwe habari za maafa ya mazingira kabla ya darasa la nne, na kwa niliyoyaona nakubaliana naye. Mtoto wa miaka saba ukimwambia faru wanakwisha, hana la kufanya na habari hiyo isipokuwa kuogopa. Kwanza ampende mnyama. Habari za ujangili atazikuta baadaye, akiwa na kitu cha kutetea.

Pale kuchora kunaposhindwa ni kwenye sababu. Picha nzuri ya kima haisemi ni nani anayemhatarisha. Unaweza kupata darasa zima linalochora kima kwa ustadi na lisijue kwamba kabla ya kuwekwa matuta kwenye barabara ya Jozani, magari yalikuwa yakiwaua kima mara kwa mara.

Mchoro wa ukutani

Hapa nitakuwa mfupi, maana sifa zake zinajulikana na kasoro zake hazisemwi.

Ukuta hupendwa na wakuu wa skuli na wafadhili kwa kuwa unaonekana barabarani. Wengi huchagua mtindo wa Tingatinga, na si ajabu: ni mtindo wetu, uliotokana na Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyekuwa akichora Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi mpaka alipofariki mwaka 1972. Macho ya watoto huufurahia. Lakini mtindo huo haukukusudiwa kufundisha maumbile ya mnyama. Chui wa Tingatinga ana madoa kwa sababu madoa yanapendeza, na ndege wake wana rangi ambazo hakuna ndege anazo. Ukiutumia, utumie kwa kumfanya mtoto ajivunie wanyama wa kwao, na elimu ya umbo na maisha yao uitafute kwingine. Rangi za mafuta zina harufu kali, hivyo kwa watoto tumia rangi ya maji ya ukutani.

Kasoro kubwa zaidi ni hii: watoto wawili au watatu wenye mkono mzuri ndio huchora, wengine hamsini wanapaka rangi ya samawati ya mbingu. Kama lengo lako ni kijiji kizima kijue kwamba kima punju ni wa hapa, ukuta ni chaguo zuri kuliko yote. Kama lengo ni kila mtoto ajifunze, ukuta uje mwisho, baada ya kila mtoto kuwa na daftari lake lililojaa.

Udongo na ndala

Kuunda kwa mikono kunafundisha mambo mawili ambayo karatasi haiwezi: ukubwa halisi, na kwenye taka, sababu.

Kwa ukubwa, mfano wangu ni chura wa Kihansi. Anaishi bara, kwenye korongo la mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, mahali penye manyunyu ya maporomoko, na wataalamu walimjua mwaka 1996 tu. Haanguliwi kuwa kiluwiluwi. Huzaliwa chura kamili, mdogo mno. Bwawa la umeme lilipoelekeza maji kwingine, manyunyu yakapungua, na chura wakaanza kufa. Mwaka 2000 walichukuliwa 499 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi, ambako sasa kuna mfumo wa mabomba unaonyunyiza maji. Habari hii ukiisimulia tu, mtoto humwaza chura mkubwa kama wale wa kwenye madimbwi. Mpe udongo wa mfinyanzi na rula, umwambie amfinyange kwa kipimo: sentimita mbili, jike asifike tatu. Akimaliza anamweka kwenye kiganja, hajai hata nusu ya kidole. Wakati huo ndipo swali linapomjia lenyewe: je, kitu kidogo hivi watu walikisafirisha kwa ndege mpaka Marekani? Swali hilo lina thamani ya kipindi kizima. Darasa langu moja lilibishana mpaka kengele ikalia, na nusu walisema umeme ni muhimu zaidi. Sikuwakatiza.

Ndala ni habari nyingine. Kikundi cha Ocean Sole cha Kenya hukusanya ndala zilizotupwa na bahari pwani na kuzichonga kuwa twiga, kasa na nyangumi. Na mwaka 2019 jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda kwa tani kumi za plastiki na kuvikwa ndala zipatazo 30,000, lilisafiri kama kilomita 500 mpaka Unguja. Wapo watoto wa Forodhani walioligusa.

Nguvu ya kazi ya ndala ipo kwenye kuokota kuliko kuchonga. Mtoto akitembea ufukweni mita mia mbili na gunia, akarudi limejaa, amekwisha kuona ni nini kinachomsonga kasa. Ukimwambia baadaye kwamba kasa huuchukulia mfuko wa plastiki unaoelea kuwa yavuyavu, yaani konyeza, akaumeza, anaelewa mara moja, kwa sababu yeye mwenyewe asubuhi ile mfuko majini aliudhania konyeza akarudi nyuma.

Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, ndala hukatwa kwa kisu kikali. Chini ya miaka kumi sishauri kabisa. Wadogo waokote na kuosha, wakubwa wakate. Pili, taka iliyotengenezwa ikawa kasa mzuri inaweza kumwachia mtoto fikra kwamba plastiki si tatizo, mradi mtu ana ubunifu. Nimewahi kuona watoto wakiombwa nyumbani walete chupa mpya za soda wapate vifaa vya kazi ya sanaa. Hapo somo limegeuka kinyume chake. Sharti langu: kisichookotwa chini hakiingii kazini.

Na kuna jambo ambalo mwalimu wa huku hawezi kulipita. Wapo wazazi wanaoona kwamba kuumba sanamu ya kiumbe chenye roho hakufai kidini, na wengine hata picha hawaipendi. Usiwapuuze, wala usimweke mtoto katikati yako na mzazi wake. Nenda ukaongee nao kabla ya kazi kuanza. Mtoto anaweza kuunda kiota, yai, nyayo, mti ambao kima hulala, au mwamba ambao kasa hujificha, na kujifunza si pungufu ya wenzake. Yule wa nyayo hujifunza hata zaidi, maana hulazimika kufikiri mnyama alipita vipi. Wazazi hawa mara nyingi ndio wanaokubali haraka kuliko wote hoja ya kuhifadhi. Kisiwa cha Misali, Pemba, ambacho masimulizi yanasema Nabii Khidri alikifanya mfano wa msala wake wa kusalia, wavuvi wamewahi kufundishwa uhifadhi wake kwa kutumia mafundisho ya dini, wakayapokea kwa kuwa yalikuwa yao.

Vikaragosi na maigizo

Ningelazimishwa kuchagua njia moja tu kwa darasa kubwa la watoto wa miaka tisa na kuendelea, ningechagua hii.

Sababu ni kwamba tatizo la wanyama wengi walio hatarini ni ugomvi kati yao na watu wenye haki zao, na ugomvi hauchoreki. Mtoto wa mkulima akisikia mwalimu anamsifu kima, anajua baba yake anamchukia. Tukimnyamazisha, atakuwa na majibu mawili: moja la darasani na moja la nyumbani. Maigizo yanamruhusu kuyaleta yote mawili jukwaani.

Kisa tunachokirudia kila mwaka ni cha kima na mnazi. Mkulima anakuja analalamika: kima wanamalizia vidaka vyangu, mwaka huu sitapata nazi. Kima naye anajitetea. Watoto hugawana pande, kisha baada ya wiki hubadilishana: aliyekuwa mkulima awe kima. Hapo ndipo ninapowaletea habari ya utafiti uliofanywa kando ya Jozani na kuchapishwa mwaka 1999: watafiti waliochunguza minazi ambayo kima walikula vidaka walikuta mavuno ya mwisho hayakupungua, bali yalielekea kuongezeka, kana kwamba kima walikuwa wakiipunguzia minazi mzigo. Mnazi huangusha vidaka vyake vingi hata bila kima. Si kila kidaka kitafika kuwa kitale, dafu, koroma, na hatimaye nazi. Mtoto anayeigiza mkulima hulazimika kuamua afanye nini na habari hiyo. Wengine humfanya mkulima akubali. Mmoja alimfanya aseme, "Watafiti hawakuja kwenye shamba langu." Nilimpa alama zote, maana watu wazima wengi husema hivyohivyo na mhifadhi anapaswa kuwa na jibu.

Hadithi ina uwezo juu ya wanyama kuliko tunavyodhani. Chui wa Unguja aliaminiwa kuwa anafugwa na wachawi na kutumwa kudhuru watu, na imani hiyo iliendesha kampeni ya kumwinda baada ya Mapinduzi ya 1964. Leo wengi wanaamini amekwisha, na anayetaka kumwona huenda makumbusho kumtazama aliyejazwa pamba. Upande wa pili, popo wa Pemba, ambao mwishoni mwa miaka ya 1980 walikadiriwa kuwa mamia machache tu, walihesabiwa baadaye zaidi ya 20,000, baada ya vijiji kama Kidike kuanzisha klabu za kuwalinda na elimu kuingia maskulini. Watoto wa Pemba walibadilishiwa hadithi ya mnyama ambaye walizoea kumwona kama kitoweo.

Vifaa vyote vipo nyumbani. Kifuu cha nazi ndicho gamba la kasa, hakuna kinachokishinda. Makumbi yaliyochambuliwa hufanya zile nywele za kima punju zilizosimama kichwani. Soksi iliyotoboka ni mwili wa karibu kila mnyama. Kanga kuukuu iliyotandazwa kwenye kamba ndiyo jukwaa. Kwa popo tunafanya vivuli: shuka jeupe, taa nyuma, na kipande cha boksi kilichokatwa umbo la mabawa. Tukikikata kwa kipimo cha kweli, mita moja na nusu na zaidi kutoka ncha mpaka ncha, watoto wa mbele hurudi nyuma wote.

Tabu yake ni mbili. Inachukua wiki tatu au nne kufika jukwaani, na mwalimu aliyebanwa na mitihani hana wiki hizo. Na mnyama wa jukwaani husema kama mtu, hivyo mtoto mdogo anaweza kuamini kwamba kima ana akili na huzuni za kibinadamu. Ndiyo maana siwaanzishi watoto na vikaragosi kabla hawajamchora mnyama yuleyule kwa kumtazama.

Kwa hali yako

Kwa mzazi mwenye mtoto mmoja au wawili nyumbani: chora. Daftari moja, mkaa au penseli, na mnyama mmoja aliye karibu. Usinunue kitabu cha kupaka rangi chenye panda na dubu wa barafu kabla mtoto hajamjua wa kwao.

Kwa darasa la sitini na zaidi, vikaragosi kwa makundi ya watu sita, hata kama maonyesho hayatafika mbali zaidi ya darasa la jirani. Kama skuli iko ufukweni, anzeni na gunia la taka na mlijaze kabla hujafungua mdomo kuhusu kasa.

Kwa mwalimu mwenye kipindi kimoja tu kwa muhula mzima, udongo na chura wa sentimita mbili. Hakuna kazi nyingine ninayoijua inayofika mbali hivyo ndani ya dakika arobaini.

Mashindano ya picha bora siyapendi kwa watoto chini ya miaka kumi. Mshindi hutoka na zawadi, na waliobaki wanajifunza kwamba hawajui kuchora, kisha huacha kutazama. Mkiyafanya, toeni zawadi kwa aliyegundua jambo ambalo wengine hawakuliona: vidole vinne, jeraha la mkia, mama aliyembadilishia mwanawe upande.

Na kazi zisitupwe muhula ukiisha. Nyuma ya kila karatasi mtoto aandike tarehe, mahali, na idadi ya wanyama aliowaona siku hiyo. Mwakani mrudisheni palepale, chini ya mti uleule, achore tena na ahesabu tena.